Muungano wa Wanavijiji: miaka 30 ya kujihesabu

Mwaka 2026 Muungano wa Wanavijiji unatimiza miaka 30 tangu uanzishwe jijini Nairobi. Kwa chama ambacho wengi wa wanachama wake hulipia chumba cha mabati kila mwisho wa mwezi, bila hakika kwamba chumba hicho kitakuwa kimesimama mwezi unaofuata, huo ni umri wa kuheshimika. Baraza la Jiji lililokuwa likituma askari na matingatinga kubomoa mitaa yao halipo tena. Nafasi yake imechukuliwa na serikali ya kaunti. Vyama vingi vya siasa vilivyotamba mwaka 1996 vimebaki majina tu. Muungano upo, na kazi yake kubwa ni ileile ambayo umeifanya karibu maisha yake yote: watu wa mtaa mmoja wanajihesabu mlango kwa mlango, kisha wanaibeba hesabu hiyo hadi kwenye ofisi za wakubwa.

Wenyeji wa Mathare, Huruma, Korogocho, Kibera na Mukuru huviita vitongoji vyao vijiji, ingawa vimezungukwa na jiji pande zote. Magazeti huviita mitaa ya mabanda. Huko ndiko wanakoishi zaidi ya nusu ya watu wa Nairobi, wamebanana kwenye kipande kidogo sana cha ardhi ya jiji. Chanzo cha hali hiyo ni cha zamani. Wakoloni waliupanga mji kwa ajili yao wenyewe, na Mwafrika aliingia kama kibarua mwenye kipande shingoni, asiyetarajiwa kuleta mke wala watoto. Wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya 1950, makazi ya Mathare yalibomolewa. Baada ya uhuru watu wakaja kwa wingi, na ramani ya jiji haikuwa imewatengea mahali.

Walijenga kwa ruhusa ya mdomo. Chifu na wazee wa kijiji walimwonyesha mtu pa kusimamisha vyumba, mtu akatoa kitu kidogo, mabati yakapanda. Hivyo akazaliwa mwenye banda: ardhi si yake, ila kuta na paa ni vyake, na kodi huikusanya yeye. Baadhi yao waliishi humo humo pamoja na wapangaji wao. Wengine waliishi mbali kabisa na hawakukanyaga kijijini isipokuwa siku ya kodi. Msomaji amkumbuke mtu huyu, kwani bila yeye historia ya Muungano haieleweki. Watu wengi huisimulia kama vita kati ya maskini na serikali. Kwa maoni yangu, mgogoro uliokuwa mgumu zaidi kuusuluhisha ulikuwa ndani ya kijiji chenyewe, baina ya mwenye banda na mpangaji wake.

Serikali, hata hivyo, ndiyo iliyowakusanya. Mei 1990 kijiji cha Muoroto, karibu na kituo cha mabasi ya Machakos, kilibomolewa huku wakazi wakipambana na askari wa jiji. Kabla mwaka haujaisha, Kibagare nayo ilikuwa imesawazishwa. Maelfu ya watu walilala nje. Miaka iliyofuata ilikuwa ya unyakuzi: viwanja vya shule, masoko, mabustani na hata sehemu za vyoo vya umma viligawiwa wenye jamaa wakubwa serikalini, mambo ambayo ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilikuja kuyaanika kwa kirefu. Kijiji kilichokuwa juu ya ardhi ya umma kiliweza kuamka asubuhi moja kikaambiwa kina mwenyewe, mtu mwenye hati mkononi.

Kituo cha Sheria, shirika linalowapa maskini msaada wa kisheria tangu 1973, kilikuwa kikipokea kesi hizi moja baada ya nyingine. Kila kijiji kilikuja peke yake, kikiwa kimechelewa. Miongoni mwa mawakili waliofanya kazi hiyo alikuwa Jane Weru, ambaye jina lake limeambatana na Muungano tangu mwanzo hadi leo. Wakazi wa vijiji mbalimbali walianza kukutana, wakagundua kwamba notisi walizopewa zinafanana, na mbinu za wanyakuzi pia zinafanana. Mwaka 1996 wakaungana rasmi.

Miaka ya kwanza ilikuwa ya kelele, na nasema hivyo kwa heshima. Ilipofika habari kwamba tingatinga limeonekana mahali fulani, watu walikimbia huko. Waliandamana, walikamatwa, walikwenda mahakamani. Katika Nairobi ya wakati ule kufanya mkutano wa watu wachache bila kibali kulitosha kumlaza mtu seli. Lakini chama cha namna hiyo kina udhaifu wake: bomoabomoa ikitulia nacho kinatulia. Hakuna cha kuwakutanisha watu Jumanne ya kawaida ambapo hakuna aliyefukuzwa.

Kilichowapa la kufanya Jumanne ya kawaida kilitoka India. Karne mpya ilipokuwa ikiingia, viongozi wa Muungano, pamoja na shirika la Pamoja Trust ambalo Jane Weru aliliongoza, walianza kutembeleana na wenzao wa shirikisho la wakazi wa mabanda la India, chini ya Jockin Arputham. Huyu naye alikuwa mtu wa kubomolewa: mtaa wake wa Janata Colony mjini Bombay ulibomolewa mwaka 1976 baada ya miaka ya kesi na maandamano. Alichokuja kuwaambia watu wa Nairobi ni kwamba maandamano yana mwisho wake, na kwamba ofisa wa serikali humwogopa zaidi mtu aliyekuja na takwimu ambazo ofisi yake haina. Aliwashauri waweke akiba kila siku, hata shilingi chache, na wajihesabu wenyewe kabla ya kuhesabiwa na wengine.

Shauri la akiba halikupokewa vizuri na wote. Wapo waliouliza, na haikuwa dhihaka, mtu anayekula mara moja kwa siku ataweka nini. Lakini fedha ilikuwa nusu tu ya jambo. Mama anayepita na daftari kila jioni kukusanya shilingi kumi anajua nani ameugua, nani amefutwa kazi, nani ameongezewa kodi na nani ana mgeni asiyejulikana. Baada ya miezi kadhaa kijiji kinakuwa na watu wanaojuana na kuaminiana kwa mambo ya pesa, na wengi wa washika daftari walikuwa wanawake, ambao kwenye mikutano ya maandamano walikuwa wakisimama nyuma. Vikundi hivyo vya akiba ndivyo vilivyokuwa mashina mapya ya Muungano.

Hesabu yenyewe ina utaratibu wake. Kwanza milango inapewa namba. Kisha vijana wa kijiji, waliofunzwa, wanapita na fomu: nani anaishi hapa, tangu lini, anamlipa nani kodi, anachota maji wapi, choo kiko wapi. Wengine wanafuata na futi kupima vyumba na kuchora ramani. Mpaka hapo ni kazi ambayo hata ofisi ya takwimu ingeweza kuifanya. Tofauti inakuja baadaye, pale majina yanaposomwa mbele ya watu. Mtu akijiandikisha kwenye vyumba vitatu, jirani anasimama. Mwenye banda akidai chumba fulani kina mpwa wake na wala si mpangaji, mpangaji mwenyewe yuko pale anasikia. Orodha inabishaniwa, inasahihishwa, inasomwa tena. Inachosha, na huleta ugomvi. Ikimalizika, kijiji kina orodha ambayo hakuna chifu wala mwekezaji anayeweza kuipinga kirahisi, kwa sababu kila aliyemo amethibitishwa na watu wa ukuta wa pili.

Huruma ndiko utaratibu huu ulikojaribiwa sawasawa. Mwaka 2001 vijiji vidogo vya huko vilihesabiwa, kikiwemo Kambi Moto, kilichokuwa kwenye ardhi ya Baraza la Jiji. Hesabu iliweka wazi kile ambacho kila mtu alikijua bila kukisema: wenye mabanda ni wachache, wapangaji ni wengi, na mpango wowote wa kuwapa nyumba wenye mabanda peke yao ungewatupa nje wengi wa wakazi. Wenye mabanda nao walikuwa na hoja. Walijenga kwa jasho lao, wengine ni wajane wanaosomesha watoto kwa kodi ya vyumba viwili. Mazungumzo yalichukua muda mrefu. Makubaliano yaliyofikiwa ni kwamba mwenye banda anayeishi kijijini apate nyumba moja, hata kama alikuwa na vyumba kadhaa, na mpangaji naye apate moja. Sijui vyama vingi vya wakazi, Afrika Mashariki au kwingineko, ambavyo vimefanikiwa kumshawishi mwenye mali ashuke ngazi hiyo bila kulazimishwa na sheria. Kama Muungano ungekufa siku iliyofuata, hilo pekee lingeupa haki ya kuandikiwa historia.

Ujenzi ulianza mwaka 2003, baada ya Baraza la Jiji kukubali kulegeza kanuni zake za viwanja. Wakazi walisimamisha kwanza nyumba ya mfano kwa vitambaa na mbao, kwa vipimo halisi, ili kila mtu aingie ajionee kitanda kitakaa wapi na ngazi itapita wapi. Kiwanja kilikuwa kidogo, takriban meta 20 za mraba, kwa hiyo nyumba zilipanda juu badala ya kutanuka. Dari zilitengenezwa kwa vigae vya zege vilivyofinyangwa papo hapo, ufundi ulioletwa kutoka India, na wanawake wa kijiji ndio waliovifinyanga na kuvibeba. Familia iliyopungukiwa ilijenga chumba cha chini kwanza, ikaongeza cha juu mkono uliporuhusu. Nyumba 34 za awamu ya kwanza zilisimama, zina maji na choo ndani.

Thelathini na nne. Wakosoaji waliikamata namba hiyo, nami siwalaumu: kwa mwendo ule Nairobi ingemalizika kujengwa baada ya karne nyingi. Viongozi wa Muungano wenyewe hawakuwahi kudai kwamba wataujenga mji. Walitaka mfano ambao ofisa wa jiji angeweza kuushika ukuta wake, na wageni kutoka vijiji vingine waje waulize bei ya saruji. Hata hivyo ni kweli kwamba vijiji jirani vya Huruma vilingoja kwa muda mrefu, na wengine wakakata tamaa huku akiba yao ikiwa benki.

Jaribio kubwa zaidi lilikuja na reli. Mwaka 2004 serikali iliwapa notisi watu waliojenga kando ya reli inayopita Kibera na Mukuru. Kila aliyekuwa ndani ya meta 30 kutoka kwenye njia ya treni alitakiwa kuondoka. Wengi walidhani Muungano utarudi barabarani. Badala yake ulipanga safari ya kuwapeleka maofisa wa serikali na wa shirika la reli hadi Mumbai, wakaone jinsi familia zilizokuwa zikiishi kandokando ya reli zilivyohamishwa baada ya kujihesabu na kujipanga. Maofisa walirudi wakakubali jambo ambalo halikuwa mazoea ya serikali: hakuna atakayehamishwa kabla ya kuhesabiwa. Wakazi wakahesabiwa, vibanda vya biashara vikahesabiwa, upana wa ardhi iliyotakiwa ukapunguzwa, na kwa fedha za Benki ya Dunia zikajengwa nyumba na vibanda vya kuwahamishia. Yote hayo yalichukua zaidi ya miaka kumi. Wapo wazee walioandikwa kwenye hesabu ya kwanza na hawakuwahi kukabidhiwa ufunguo.

Katikati ya miaka hiyo, ghasia zilizofuata kura ya Desemba 2007 ziliichana Nairobi. Soko la Toi, karibu na Kibera, ambalo wachuuzi wake walikuwa na mojawapo ya vikundi imara vya akiba vya Muungano, liliteketezwa. Vikundi vya akiba vilikuwa na watu wa makabila yaliyokuwa yakiwindana usiku. Moshi ulipopungua, wachuuzi walilazimika kugawana upya uwanja mtupu, na Muungano ulishiriki kuupima na kuupanga. Soko lilirudi. Limeungua tena zaidi ya mara moja tangu hapo, na kila mara wachuuzi wamelisimamisha.

Katiba ya 2010 iliwapa lugha mpya ya kudai. Kifungu cha 43 kinataja haki ya makazi yanayofaa na viwango vya kuridhisha vya usafi. Vyama vya wakazi viliikimbilia haraka, na si Muungano peke yake. Wakazi wa kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, waliishtaki Mamlaka ya Viwanja vya Ndege kupitia chama chao cha Mitu-Bell baada ya kupewa notisi ya siku saba mwaka 2011. Mahakama iliamuru wasiguswe. Novemba mwaka huohuo walibomolewa. Walishinda Mahakama Kuu mwaka 2013, wakashindwa Mahakama ya Rufaa, kisha Januari 2021 Mahakama ya Juu ikakubali kwamba hata wasio na hati wana haki ya makazi inayopaswa kulindwa wanapokaa kwenye ardhi ya umma. Uamuzi ulikuja miaka karibu kumi baada ya kijiji kufutika. Muungano ulijifunza hapo, kama haukuwa umejifunza tayari, kwamba amri ya mahakama isiyo na watu wa kuisimamia ni karatasi.

Ndipo tunafika Mukuru, sura ambayo naiona kuwa kubwa kuliko zote. Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani ziko kwenye eneo la viwanda, kandokando ya mto Ngong. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo iligawiwa watu binafsi miaka ya 1980 ili wajenge viwanda. Hawakujenga. Watu walijenga mabanda, na wenye hati wakarudi miaka mingi baadaye wakitaka kuuza. Pembeni mwa mtaa huo, huko Sinai, Septemba 2011 mafuta yaliyovuja kutoka kwenye bomba yaliwaka na kuua watu wengi. Vitisho vya kufukuzwa vilipoongezeka, Muungano na Akiba Mashinani, mfuko wake wa fedha, vilikwenda mahakamani pamoja na wakazi, na sambamba na kesi wanawake wa Mukuru walikusanya saini kuhusu vyoo: foleni, gharama, na hatari ya kutoka usiku.

Vyuo vikuu vilialikwa: Nairobi, Strathmore na Berkeley cha Marekani. Utafiti wao ulithibitisha kwa takwimu kile ambacho kila mama anayenunua maji kwa mtungi wa lita 20 alikuwa akikisema, kwamba mtu wa Mukuru hulipa zaidi kwa kila lita ya maji, na mara nyingi kwa stima pia, kuliko mtu wa mitaa ya kitajiri, na anachopata ni kibovu. Agosti 2017 Serikali ya Kaunti ya Nairobi ikaitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango. Kwa muda wa kupanga, ujenzi mpya ulizuiwa, na mpango wenyewe ulitakiwa kuandikwa pamoja na wakazi.

Hapo ndipo ujuzi wa miaka 20 ulipotumika. Eneo lina zaidi ya kaya 100,000. Huwezi kuziita zote kwenye mkutano mmoja, na ukiita wachache watakuja wenye sauti, yaani wenye mabanda na madalali wa maji. Muungano uliwapanga watu kwa makundi ya majirani: kaya chache zinamtoa mwakilishi, na wawakilishi wanakutana katika seli ya kaya kama mia moja, kisha seli zinakutana kwa vitongoji. Wataalamu kutoka mashirika zaidi ya 40 waligawanywa katika makundi ya maji, makazi, afya, fedha, sheria na mengineyo, na kila kundi lililazimika kurudisha mapendekezo yake kwenye seli. Mhandisi aliyekuja na barabara pana za kitabuni aliambiwa zitabomoa nyumba ngapi, na za nani. Barabara nyingi kwenye mpango zilipunguzwa upana, na mabomba ya majitaka yakachorwa kupita vichochoroni.

Mwaka 2020, Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi, iliyokuwa chini ya mwanajeshi, Meja Jenerali Mohammed Badi, ilianza kuweka lami, visima na hospitali Mukuru, ikifuata sehemu za mpango ule. Mwendo ulikuwa wa kijeshi, na wakazi walioishi na matope miongo mitatu hawakulalamika. Lakini serikali hiyohiyo, Mei mwaka huohuo, katikati ya korona, iliwabomolea maelfu wa Kariobangi. Na kuanzia Oktoba 2021 sehemu ya Mukuru kwa Njenga, ndani ya eneo lililopangwa kwa miaka mitatu na wakazi wenyewe, ilibomolewa kupisha barabara, makumi ya maelfu wakabaki kwenye mahema na maturubali. Mafuriko ya 2024 yalipokuja, bomoabomoa ya kandokando ya mito ilifika Mathare na Mukuru vilevile. Hesabu hupunguza bomoabomoa na kuifanya iwe na gharama kwa anayeiamuru. Haijaizuia.

Ndani ya Muungano mambo hayakuwa shwari siku zote. Mashirika ya kuusaidia yamebadilika: Pamoja Trust ikafuata njia yake, pakaja jingine, leo lipo SDI Kenya. Kila badiliko lilileta maswali ya nani anashika fedha za wafadhili na nani anazungumza kwa niaba ya wanakijiji. Waanzilishi wamezeeka, na vijana wengi wa Mathare wa leo wangependa kushika kamera kuliko daftari la akiba. Muungano umewapa kamera. Baadhi yao sasa hurekodi filamu fupi kuhusu vijiji vyao.

Suala la ardhi ya Mukuru bado halijamalizika. Hati za watu binafsi zipo, na mabanda yapo juu ya ardhi hiyohiyo. Jirani yake limeinuka jambo jipya. Mei 2025 Rais William Ruto alikabidhi nyumba 1,080 za kwanza za mradi wa serikali wa nyumba za bei nafuu huko Mukuru, kati ya zaidi ya 13,000 zinazokusudiwa. Ni nyumba nzuri, za ghorofa, zina maji. Anayezitaka hujiandikisha kwenye jukwaa la serikali liitwalo Boma Yangu, huweka amana, kisha hulipa kila mwezi kwa miaka mingi. Muungano na wakazi wanauliza nani kati ya wapangaji wa Mukuru ataweza kulipa, na nani atathibitisha kwamba aliyepewa ufunguo aliwahi kuishi Mukuru. Orodha ya Boma Yangu mtu huijaza peke yake kwenye simu. Haisomwi kwa sauti mbele ya majirani.